Mama Anacheka na Maua

Kaswera alipokimbia kijiji cha Kalunguta, mashariki mwa Kongo, mwaka wa 1999, mgongoni alibeba mtoto, mkononi alimshika mama yake aliyevimba miguu, na kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, alificha picha. Sufuria aliiacha. Familia nzima ilikuwa na picha hiyo moja tu: mama ameketi, Lusenge, kaka wa Kaswera, amesimama kushoto, Kaswera mwenyewe kulia, siku ya Pasaka, kabla vita havijafika kwao.

Mama alifia Butembo, katika chumba cha kupanga, akilishwa na Kaswera kijiko kwa kijiko. Mwaka ulipokaribia kutimia, Lusenge, aliyekuwa akiuza kahawa Beni, akaja kuomba ile picha.

"Leta foto, baikuze kule Beni. Iko photographe mumoja muzuri sana. Siku ya kumaliza matanga, batu bote bamuone mama."

"Yaya," Kaswera akamwambia kaka yake mkubwa, "ile foto ni moja tu."

"Na mimi, niko na bamama bangapi?"

Kaswera akacheka, akampa. Alitaka binti yake Nadège, yule aliyembeba mgongoni, akue akiona ukutani kwamba mama yake naye alikuwa na mama, na alisimama kando yake. Baba wa mtoto, askari wa mkoa mwingine, alihamishwa akaenda bila kuaga. Mtoto hakuwa na watu wengine wa kuonyeshwa.

Siku ya misa ya kumaliza matanga, picha ililetwa ndani ya fremu kubwa, imefunikwa kikwembe cha kitenge. Lusenge akafunua. Mama alikuwa pale, mkubwa, kama atanyanyuka kitini. Lusenge naye, kushoto. Kulia, pale aliposimama Kaswera, palikuwa na kimeza chenye maua mekundu ya plastiki.

Kaswera aliangalia mara ya pili, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Yaya," akasema polepole, "miye niko wapi?"

Lusenge akamvuta pembeni, karibu na masufuria ya wapishi.

"Usilete makelele. Bakwe yangu beko hapa. Ulizaa na musoda, askari wa kupita, mahari hapana, ndoa hapana. Bakikuona ku foto bataanza kuuliza bwana yako iko wapi."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile balishaikata."

Alisema hivyo akiwa anatafuna.

Ndani, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika picha mama alikuwa amegeuza kichwa upande wa kulia, mdomo wazi, akicheka mpaka pengo lake linaonekana. Sasa alikuwa anayachekea maua. Katekista Abdias akasimama mbele ya fremu, akasema kwa huruma:

"Tazameni jinsi marehemu alivyopenda maua!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama, ambaye maisha yake yote hakupanda kitu kisichoingia chunguni!

Kaswera akamgeukia mama yake mdogo, Mariette. Siku ya ile Pasaka alikuwepo, tena ndiye aliyemwazima dada yake viatu.

"Mama Mariette, sema. Mama alikuwa anacheka na nani?"

Mariette akatengeneza kikwembe chake kipya, alichonunuliwa na Lusenge.

"Eh, mutoto wangu. Ni siku mingi."

Kaswera akarudi kwenye masufuria. Aligawa chakula mpaka mgeni wa mwisho akapata. Ndipo Nadège akamvuta mkono mpaka mbele ya picha ya bibi yake.

"Mama, Koko anacheka na maua?"

Kaswera akapiga magoti.

"Hapana. Angalia viatu ya Koko."

Vilikuwa pale chini kabisa: cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia. Mpiga picha wa Beni hakuvigusa.

"Nilimwambia: Mama, miguu yako imegombana, kila mumoja unaenda kwake! Ndiyo maana anacheka vile. Alikuwa anacheka na miye."

Nadège akaviangalia viatu, akaiangalia miguu yake mwenyewe, halafu akamgeukia mama yake akacheka, mdomo wazi, mpaka wakwe wa Lusenge wakageuka.

"Kaswera, nyamazisha mutoto!" Lusenge akaita kutoka mezani.

Kaswera hakumnyamazisha.