Mbwa wa Fundi, Sifa za Wifi

Fundi cherehani alikuwa na mkono mwepesi, ulimi mkali, na mbwa mdogo asiyejua mlango ni wa nini. Mumewe, dereva wa lori, ndiye aliyemletea, ili nyumba isipwaye mno yeye akiwa safarini. Fundi akamwita Kifungo, akampenda mpaka majirani wakaguna. Lakini Kifungo alikojoa chini ya meza ya kukatia, akakojoa kando ya cherehani, na siku moja akakojoa juu ya shela ya bibi harusi. Hapo Fundi akachachamaa, akaapa mbele ya kila aliyekuwepo:

"Nampa mwezi mmoja! Akikojoa ndani baada ya hapo, namgawa!"

Miongoni mwa waliokuwepo alikuwa wifi yake, dada wa dereva, mwalimu wa watoto wadogo aliyehamia pale baada ya kupata kazi katika shule ya jirani. Akainama, akavuta boksi la vipande vya nguo chini ya meza, akanusa, akaziba pua.

"Wifi, unafuta mkojo kwa vipande hivi halafu unavirudisha humu humu? Si unamwekea kibao cha choo!"

Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno.

Wifi akasugua sakafu kwa sabuni na siki. Kipande kimoja kinachonuka akakipeleka nyuma ya nyumba, akakibana kwa jiwe kando ya ukuta. Kifungo akiamka, nje. Akimaliza kula, nje. Wifi alisimama naye pale pale bila kusema neno, na akishakojoa alimsifu kama mtoto aliyepata mia kwa mia, akampa kinofu cha nyama. Wiki ya tatu, sakafu ilikuwa kavu.

Ungedhani Fundi angeshukuru. Wapi! Kifungo sasa alilala kwenye mlango wa Wifi. Alijua mlio wa viatu vyake tangu njia panda, akaanza kulia kwa furaha. Wateja nao wakazidi kutia chumvi kwenye kidonda: "Wifi yako fundi kweli kweli!" Fundi wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemlisha mbwa yule, ndiye aliyemfutia mikojo. Wivu ukamshika.

Siku moja baada ya mwezi kwisha, Wifi akiwa shuleni, Fundi alikwenda nyuma ya nyumba, akakiokota kile kipande, akakisukuma chini kabisa ya kitanda cha Wifi. Mlango wa chumba akauacha wazi.

"Tuone leo mwalimu atasema nini," akanong'ona.

Wifi aliporudi alikuta rundo la daftari za wanafunzi, lililokuwa sakafuni kando ya kitanda, limelowa chepechepe.

"Haya, mwalimu!" Fundi akapaza sauti kutoka sebuleni. "Mwanafunzi wako amefeli!"

Alingoja ubishi. Wifi hakubisha. Aliketi kitandani akiwa na daftari mbichi mapajani.

"Nimeshindwa, wifi. Nisamehe. Na mwezi wako umekwisha. Kuna mwalimu mwenzangu ana uwanja mpana, anampenda sana. Ngoja nimpigie aje amchukue leo leo, usije ukaharibikiwa nguo nyingine ya watu."

Akatoa simu. Fundi akakimbilia chumbani. Kifungo alikuwa katikati yao, mkia chini, hajui kosa lake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akakitoa kile kipande.

"Usipige. Mbwa hana kosa. Nimekiweka mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Wifi akakitazama kile kipande. "Kwa ajili ya mkojo wa mbwa?"

"Kwa ajili ya mbwa."

Simu ikarudi mkobani. Usiku wote Wifi alikuwa akianika daftari.

Asubuhi, Wifi alisema neno moja tu: "Mtoe wewe." Fundi akatoka na Kifungo, akasimama kando ya ukuta, miguu ikilowa umande. Mbwa akanusa, akazunguka, akageuka kutazama nyumba, akazunguka tena. Hatimaye akakojoa.

"Vizuri, mwanangu! Vizuri sana!" Fundi akachuchumaa, akafungua mikono.

Kifungo akampita mbio, akaelekea mlangoni alikosimama Wifi. Fundi akabaki na mikono yake mitupu. Wifi akamwona mbwa anakuja, akainua mkono kana kwamba anataka kumshika. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango.

Kifungo akakwaruza mlango, akalia. Haukufunguliwa. Baadaye akarudi polepole, akaweka kidevu gotini pa Fundi. Fundi akamkumbatia, macho yakiwa kwenye ule mlango. Angekuwa upande ule yeye, asingekubali kuufunga ili mbwa amrudie mwenzake, na alilijua hilo.