Siku Steringi Alipokufa Majengo

Nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, namwona mjomba Deo na maiki yake. Alikuwa na banda la video Majengo, hapa Mpanda, na kazi yake ilikuwa kututafsiria filamu za kizungu huku zikiendelea. Jamani, yule mtu alikuwa na mdomo! Majasusi wa Ulaya aliwagombanisha kama wauza dagaa wa Karema.

Sheria ya banda kila mtoto aliijua: steringi, yule shujaa wa filamu, hafi. Apigwe risasi, atupwe toka kwenye ndege, atarudi tu.

Nami nilikuwa na steringi wangu. Baba alikuwa mvuvi kule ziwani. Mtumbwi wake ulipatikana umepinduka, yeye hakupatikana. Watu walilia, wakaanua matanga, mimi nikakataa katakata. Kila jioni nilimtengea ugali wake. "Atarudi," nilimwambia mama, "steringi hafi." Mama alikuwa anageukia ukuta.

Jumapili moja mchana ikaja filamu ya jasusi. Mwishoni boti yake ililipuka katikati ya bwawa, kofia ikaelea peke yake. Tukasubiri atokeze kichwa. Mjomba akazima deki.

"Amekufa," akasema kwenye maiki.

Mungu wangu! Banda zima likapiga kelele. "We Deo, steringi anakufaje?" "Washa bwana!" Yeye aliniangalia mimi tu. "Nyie, mtu akizama asionekane, amekufa. Hata steringi."

Nilikimbia nyumbani, nikamwangukia mama, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza. Jioni ile sikutenga sahani.

Juzi mwanangu alikuwa anaangalia filamu za zamani kwenye simu. Nikaiona ile kofia. Maji yakatikisika, na yule jasusi akatokeza kwenye matete, mzima, anacheka, mpenzi wake anamsubiri ukingoni! Nilipiga yowe hadi mwanangu akadondosha simu.

Nikampigia mjomba, sasa ni mzee, hasira zimenijaa. "Mjomba, kumbe alitoka!"

"Wa kwenye filamu alitoka, Neema. Mama yako alikuwa amechoka kumwaga ule ugali kila asubuhi. Aliniomba nikuambie ukweli. Bila maiki nilishindwa."

Hasira ziliniishia pale pale. Nilijiona mtoto mwaminifu kweli kweli, namtunzia baba chakula chake, na miaka yote hii sikuwahi kujiuliza nani alikuwa anaiosha ile sahani.