Siku Niliyokuwa Mshenga Wangu Mwenyewe

Jamani, aibu nyingine mtu huivaa mara moja ikachakaa, lakini hii yangu haijachakaa hata kidogo, mpaka leo nikipita njia ya Muleba naona kama migomba inanong'onezana, na nawasimulia tu kwa sababu mmekwisha kuisikia nusunusu kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, basi afadhali muipate kwa mwenyewe niliyejiaibisha.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kibarua katika gati la Bukoba. Kazi yangu ilikuwa moja: meli ikikaribia nashusha magunia yaliyoshindiliwa majani makavu ya migomba, yakae kati ya chuma cha meli na mbao za gati, visigongane (msiidharau kazi hiyo, siku gunia likikosekana hata karani ndani ya ofisi anamwaga wino). Meli ikiondoka, watu nao wanatawanyika kwenda kwao, mimi nabaki na magunia yangu nayaanika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine nilizoea kuyasemesha, "Wewe leo umelowa sana, hebu geukia jua." Baba na mama walikwisha kufa. Nilipanga chumba Buhembe, napika ndizi za mtu mmoja, na hakuna kipimo kigumu kama hicho, kila siku zinabaki na kila siku hakuna wa kumpa.

Ndugu niliyekuwa naye ni baba yangu mdogo, Ta Kaijage wa Kashozi, naye amefiwa na mkewe. Kashozi si mbali na Bukoba, lakini nilikuwa siendi. Nilijiambia mzee ana kahawa yake, ana sala zake, nisimsumbue.

Basi akatokea Kokugonza. Alikuja mjini na mama yake kutoka upande wa Muleba, wakapanda gatini kutazama meli, nikawabebea mzigo wao mpaka barabarani, na binti akanivulia ngata aliyojitwika nayo akaniwekea kichwani kwa mkono wake, akasema, "Usije ukaumia bure." Ni hayo tu! Lakini kwa mtu ambaye tangu mwaka uanze hajaguswa kichwa na yeyote isipokuwa kinyozi, hayo ni mengi. Nikaenda mbio Kashozi kumwomba baba mdogo awe mshenga, akakubali, akaenda kwao peke yake mara ya kwanza kama desturi inavyotaka, akarudi na habari kwamba wamemsikiliza na wametaja siku ya kujibu.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi. Sisi Wahaya hatupendi kitu kigumu kikutane na kitu kigumu. Kichwa na mzigo vina ngata, mgeni na udongo wa sakafu vina majani makavu ya kukalia, na ukwe na ukwe una mshenga. Wazee wa binti watamtukana kijana wako matusi yote, kwamba ni mvivu, kwamba kwao hawaogi, na mshenga anacheka tu, anayatafuna yote, yakikufikia wewe yamekwisha kulainika. Muoaji mwenyewe hatamki neno.

Siku moja kabla ya safari ikaja habari kutoka Kashozi: mguu wa baba mdogo umevimba, hawezi kukanyaga, tuombe siku nyingine au nimtafute mtu mzima mwingine niende naye. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nikakaa kitandani nikawafikiria watu wa kuwaomba, nikaona sina hata mmoja, nikaona haya kupita gatini nikiomba mtu wa kunisindikiza, nikasema, basi nitakwenda mwenyewe nieleze ukweli, kwani shida iko wapi? Nikaazima baiskeli, nikafunga nyuma kibuyu kikubwa cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na chini yake nikaweka gunia moja la gatini ili kisipasuke kwa mashimo ya barabara. Mnaona akili zangu! Kibuyu nilikiwekea gunia, mwenyewe sikujiwekea kitu.

Nilifika nimejaa vumbi. Nyumbani kwa akina Kokugonza wazee walikuwa wamekwisha kukaa, na majirani wako uani kwa wingi, maana siku kama hiyo haifichiki. Baba yake, Ta Byabato, Mlutheri mwenye macho makali, akaniuliza, "Wewe ndiye nani?" Nami nilikuwa na jibu langu tayari, la kweli kabisa, lakini nilipoona macho yote yale ulimi ukasema, "Nimetumwa na Ta Kaijage, waitu, mzee wangu. Anaumwa mguu."

"Ahaa, mshenga mwingine. Na kijana mwenyewe?"

"Yuko gatini. Meli imeingia."

Nikakaribishwa ndani, nikakalishwa kwenye majani mapya, na kuanzia hapo nilikuwa nateremka mlima bila breki.

Ta Byabato akaanza, "Tumesikia huyo kijana wenu anaongea na magunia."

Wazee wakacheka. Nami nikacheka (mshenga lazima acheke), nikasema, "Anayaamrisha tu, waitu. Ndiyo kazi."

"Tumesikia hana rafiki. Hakuna aliyewahi kuonekana mlangoni kwake. Mtu asiyetembelewa ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Labda watu hawajui kwamba yupo."

"Na akiugua, nani anampikia uji?"

Sasa hapo mshenga mzuri angesema, ndiyo maana tumekuja hapa, mtupe wa kumpikia, watu wakacheka, rubisi likafunguliwa. Mimi nikasema, "Hakuna. Mwaka jana aliugua homa, akalala chumbani mpaka ikaisha yenyewe, na alipotoka nje hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi." Nikaendelea, nani wa kunizuia? Nikasimulia jinsi kijana anavyochelewa kurudi chumbani ili asiwashe taa mapema, jinsi anavyokohoa kidogo kabla ya kufungua mlango kana kwamba ndani kuna mtu wa kushtuka, mambo ambayo sijawahi kumwambia binadamu, na niliyasema kwa urahisi ajabu kwa sababu yalikuwa ya mtu mwingine, yuko gatini, meli imeingia.

Mzee mmoja akaniinamia. "Mbona unalia, mshenga?"

"Ni moshi, waitu."

"Moto haujawashwa bado."

Na ndipo akaingia mama yake Kokugonza na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ameinama vizuri kwa heshima, akainua uso kunipa punje zangu, akaganda. "Mawe, mama yangu! Huyu si ndiye kijana mwenyewe? Aliyetubebea mzigo?"

Mara mtu mmoja uani akapasuka kicheko, akafuata wa pili, na kabla sijajua niangalie wapi kijiji chote kilikuwa kinacheka, wanawake wameshikana mabega, "Amejiposea mwenyewe! Amejililia mwenyewe!" Nilitamani majani yale yanifunike.

Aliyekuwa hacheki ni Ta Byabato. Nilidhani atanitukana, na laiti angenitukana. Alisema polepole, "Mwanangu, yale tuliyosema ni maneno ya desturi. Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa zuri. Lakini mshenga si wa leo. Ni wa siku ile mtakapogombana wewe na binti yangu, akimbilie kwa nani? Nani atakuja hapa kusema kwa niaba yako? Umenionyesha mwenyewe kwamba hakuna. Mbwenu, sasa nitampaje mtoto mtu ambaye nyuma yake hakuna mtu?"

Kibuyu kilirudishwa kikiwa kimejaa. Wenyeji wanajua maana yake: posa imekataliwa. Nikakifunga tena kwenye baiskeli, nikawa nasukuma tu bila kupanda, na kila niliyekutana naye barabarani alitazama kibuyu kwanza, kisha akanitazama mimi, kisha akanisalimia kwa upole mno. Upole ule uliniuma kuliko kicheko. Nilipokuwa napita kando ya shamba lao nilimwona Kokugonza kati ya migomba, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia, na sikuwa na mtu wa kumtuma akaniulizie.

Sikwenda Buhembe. Nilisukuma baiskeli ile mpaka Kashozi, nikalala njiani, nikafika kesho yake rubisi limekwisha kuchacha, nikamkuta baba mdogo mlangoni, mguu uko juu ya kigoda. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akauliza, "Kwa nini hukuja kwangu? Ungeniweka kwenye hiyo baiskeli ukanisukuma. Mdomo wangu haujavimba."

"Niliona nisikusumbue, Tata."

Akageukia mibuni yake. "Tangu mke wangu afe," akasema, "kila mtu anaona asinisumbue. Wanapita pale njiani, wanaona asinisumbue. Mimi nakaa hapa kutwa nzima nangoja wa kunisumbua."

Mguu wake ulipopona Kokugonza alikwisha kuposwa na kijana wa Muleba hukohuko, mwenye mshenga mwenye miguu mizima. Mimi nilikwisha kuapa siku ileile mlangoni kwa baba mdogo, na kiapo nakishika mpaka leo: sitapeleka tena neno langu mwenyewe kwenye mlango wa mtu, na sitasema tena kwamba sina mtu kabla sijakwenda kubisha hodi kwa ndugu.