Dawa za Wageni wa Mama

Mama yangu hakujua kukataa. Jina lake Nasike, na pale soko la Misikhu aliuza viazi vitamu miaka ishirini na miwili bila mteja kuondoka pasipo nyongeza. Hata mwenye matusi aliongezewa. Nilimgombeza mpaka nikachoka.

Mwaka wa 2006 aliteleza kwenye matope ya soko akavunjika mfupa wa paja. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na vidonge vikali vya maumivu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Yote yaliandikwa kwenye bahasha ya dawa. Mimi nilikuwa naishi Kitale na mume wangu Jairus, ambaye ni nesi, kwa hivyo baada ya wiki moja nilimwacha Mama mikononi mwa jirani yake Dinah.

Sikufikiria wageni. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, wala haendewi mikono mitupu. Wakaja akina mama wa kanisa, wakaja wenzake wa soko, na pamoja na sukari na majani ya chai, kila mmoja alibeba dawa iliyowahi kumsaidia yeye. "Hii ndiyo ilinitoa kitandani, Mama Jentrix. Si umeze tu nikiona?" Na Mama, ili asimwaibishe mgeni, akameza. Huyu alileta vidonge vya maumivu alivyobakisha marehemu mumewe, yule akaleta vya usingizi. Jamani! Ati heshima.

Jumapili moja tukaenda kumwona. Jairus alibaki uani kama kawaida. Kwa desturi yetu ya Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kuingia chumbani kwake. Miaka saba ya ndoa walikuwa wakisalimiana kupitia kwangu, kila mmoja ametazama upande wake.

Nilimkuta Mama amelala, anakoroma vibaya. Nikamwita. Nikamtikisa. Alifungua macho kidogo, akayafunga tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nikapiga kelele, "Jairus!" Alifika mlangoni akasimama.

"Anapumua vipi?"

"Polepole sana. Ingia!"

"Jentrix, ni chumba cha mama."

"Basi baki hapo na adabu yako, bana, tutamzika na adabu yake!"

Akaingia. Mama alikuwa na kamisi tu, kichwa bila kitambaa. Jairus alimgeuza ubavu taratibu, akamwinua kidevu, akawa anamwita ili asizame kabisa: "Mama, pumua. Mama, nisikie." Dinah alikimbia kutafuta pikapu. Mimi nilikusanya kila kidonge nilichokiona, mezani na chini ya mto, nikavifunga kwenye leso madaktari waone alichomeza. Njia nzima hadi hospitali Jairus alikuwa akihesabu pumzi za Mama, na mimi nilikuwa nalia, nimemkasirikia Mama na bado nampenda hadi kifua kinauma.

Akapona. Alipotolewa tulimrudisha nyumbani, naye Jairus akakaa kizingitini, amempa Mama kisogo. Mama alijifunika leso usoni.

"Mwambie mume wako nina aibu. Ameniona vile nilikuwa."

Jairus hakungoja nimpelekee ujumbe. "Mama, hakuna aibu. Lakini mgeni akikuletea dawa, pokea, mshukuru, weka kando. Umeze tu ile ya bahasha yako, kwa saa yake. Maumivu yakizidi, usiongeze mwenyewe. Tuambie, tumuulize daktari. Dawa ya mtu mwingine alipimiwa yeye, si wewe, na hizi kali zikikutana na za usingizi zinazima pumzi."

Mama aliivuta leso zaidi usoni. Nilijua anawawaza wageni wote wale, waliomjia kwa mapenzi.

"Kumbe nilikuwa nife kwa kuogopa kusema hapana," akasema.

Halafu akafunua uso. "Jairus, geuka nikuone."

Jairus alinitazama kwanza mimi kwa pembe ya jicho, kama mtoto anayeomba ruhusa. Nikamwambia, geuka, mama amekuita. Akageuka. Mama alimwangalia kwa muda, paji la uso, macho, kidevu, bila haraka.

"Miaka saba nakuombea kila asubuhi," akamwambia, "na sikujua naombea uso gani."