Nyusi za Bordesley Green

Nilikwenda Birmingham kupumzika, kwa mama mdogo anayekaa Bordesley Green, na kazi niliyoifanya kuliko zote kule ni kutazama nyuso za watu. Kwetu Unguja ukimkodolea mtu macho hivyo atakuuliza umeona nini. Kule kila mtu anatazama simu yake, kwa hiyo nilijitazamia kwa raha zangu.

Niliona mashavu yaliyopakwa poda ya rangi ya chungwa inayokomea kidevuni, shingo ikabaki nyeupe kama ya mtu mwingine. Niliona kope ndefu mpaka nikajiuliza wenyewe wanafumbaje macho. Siku moja, ndani ya treni inayotoka Selly Oak, msichana mmoja mwanafunzi alikuwa anabandika kope kwa gundi huku treni inatikisika, na mimi nimembania pumzi. Ya kushoto ikakaa. Ya kulia ikaangukia gotini kwangu, nikaruka kama nimeona tandu. Nilimrudishia kwa ncha za vidole, naye akanipa kioo nimshikie mpaka mjini. Alipomaliza alikuwa mzuri, wallahi. Nikamwombea kimoyomoyo mvua isinyeshe.

Lakini vilivyonitia wazimu ni nyusi. Kule kila msichana ana nyusi zilizonyooka, zina ncha, kama zimepigwa muhuri. Zangu zilikuwa za kuzaliwa, zinakutana katikati kama zinaamkiana. Kwetu msichana hatindi nyusi mpaka siku ya harusi yake, na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, ndiye anayemtinda. Mtu akikuona zimechongwa haulizi. Anajua una mumeo.

Na Jumapili iliyokuwa inakuja nyusi zangu zilikuwa na mgeni. Shoga yake mama mdogo, Mzanzibari mwenzetu anayekaa Edgbaston, alikuwa anakuja kunitazama kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Huyo mwanawe ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na mama mdogo, na njia nzima aliniuliza neno moja tu: kama nahisi baridi. Nikasema hapana, meno yanagongana. Tangu siku ile nilikuwa nimeshamjengea nyumba kichwani mwangu, na mapazia nimechagua.

"Yule mama ni wa kizamani," mama mdogo alinionya. "Anatazama mara moja tu. Akikupenda, umependwa. Asipokupenda, utarudi kwenu na chokoleti zako."

Jumamosi, binti wa mama mdogo akaniambia anakwenda saluni kufanya nyusi. Huyu mdogo wangu kazaliwa kule kule. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Nikamfuata, nikatazame tu.

Fundi alikuwa mama wa Kipakistani anayeng'oa nyusi kwa uzi, ncha moja kaibana kwa meno, mikono inakwenda kama anashona hewa. Mdogo wangu akainuka kapendeza. Yule mama akapiga kiti kwa taulo, akaniashiria mimi. Ningeweza kukataa. Nilikaa kabla hajamaliza kuashiria.

"You sure?" mdogo wangu akauliza.

"Katikati tu," nikasema, nikaonyesha kwa kidole. "Pale zinapoamkiana."

Uzi ulipita katikati, ukaona bora uendelee na safari. Machozi yalinitoka, nikapiga chafya mfululizo. Nilipopewa kioo, nyusi mbili nyembamba zilikuwa zimepanda juu kama zimesikia habari ya kushtua. Nikajiona malkia. Njia nzima hakuna kioo cha gari nilichokipita bila kukisalimia.

Mama mdogo alitufungulia mlango na mwiko mkononi.

"Nimependeza, mama mdogo?"

"Umeolewa!" akapiga ukelele. "Mwenzio kesho anakuja kutafuta mwari, we umeshajitinda! Atakuelewaje?"

Mdogo wangu akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni nywele tu, zitaota.

"Mpaka kesho saa nane?"

Jioni ile tulijaribu kuzirudisha kwa wanja. Mara ya kwanza nikawa kama nagombeza mtu. Mara ya pili moja ikawa juu, moja chini. Mama mdogo akafuta zote kwa mafuta ya nazi, akachoka. "Utateremsha ushungi," akaamua. "Na Mungu atatusitiri."

Basi mgeni akafika. Kijana alibaki nje ndani ya gari, maana asingeingia mpaka mamake amwite. Mimi nikaingia na sinia ya sambusa, ushungi umeniteremka mpaka kwenye kope, meza siioni. Niliifuata kwa goti.

"Inua uso, mwanangu," yule mama akasema. "Sijaja kutazama utosi."

Nikainua. Akazitazama nyusi zangu. Akamtazama mama mdogo. Akarudi kwenye nyusi.

"Mashallah," akasema polepole. "Na mumewe kamwacha na nani?"

Mama mdogo akaingiwa na kikohozi. Mdogo wangu akaropoka, na kwa mara ya kwanza nikasikia Kiswahili kinamtoka: "Yuko single, auntie! Wallahi yuko single!"

Mimi nilikuwa naiona nyumba yangu inavunjwa tofali kwa tofali. Machozi yakanilenga, nikasema kweli yote. "Sina mume, mama. Nilimsindikiza huyu kwa fundi wa uzi. Kila mtu huku kapendeza, na mimi nikataka ukija unione nimependeza. Nilimwambia katikati tu."

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kwa kidole."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe ni kicheko, mpaka chai ikamwagikia kisahani. "Hana mume, hana somo, nyusi tayari!" akasema, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, zenyewe zimeshatangulia. Itabidi mengine yazifuate." Akamgeukia mdogo wangu. "Kamwite huyo aliye garini, chai inapoa."

Nilikimbilia jikoni. Mama mdogo akanirudisha kwa kunisukuma kiuno.

Kijana akaingia, akaamkia, akakaa. Akanitazama kadiri adabu ilivyomruhusu. Wanawake wote chumbani tukawa tunamngoja, mamake kashikilia sambusa hewani.

"Huoni kilichobadilika?" mamake akamchokoza.

Akatazama ukuta. Akatazama chini. "Zulia jipya?" akabahatisha.

Mdogo wangu akajifunika uso kwa mto wa kochi. Yule kijana akaona kuna jambo, akaniinamia kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Unaonekana kama umeshtuka. Uko sawa?"

Nikamwambia nimeshtuka kweli, nikamsogezea sambusa.