Geti Namba Mbili

Pikipiki za mashindano hazina breki. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila nikilihadithia watu hunambia mwongo mimi. Hazina breki, zina gia moja, na zinajua kukata kushoto tu. Wanne wanasimama mstari mmoja, utepe unaruka juu, wanazunguka uwanja mara nne, na kwenye kona wanaburura mguu wa kushoto, una kiatu cha chuma, changarawe nyekundu inaruka mpaka kwenye chai ya watazamaji. Wa kwanza pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne anapewa pole. Dakika moja, kwisha. Wazungu wa huku mashariki mwa London wanaipenda kuliko kanisa.

Na injini zao zinakunywa mafuta ya nyonyo! Siku ya kwanza nilipoisikia ile harufu tumbo lilinikatika palepale, maana ndiyo yale bibi yangu aliyokuwa akitunywesha tukifunga choo. Nikasema kumbe ndiyo maana wanakimbia vile.

Kazi yangu ilikuwa reki. Tulikuwa tumeshahamia London na mama baada ya mapinduzi ya Zanzibar, tunakaa chumba kimoja Stratford. Siku za wiki nafunga masanduku kwenye kiwanda cha biskuti, Jumamosi naenda uwanjani, navaa koti jeupe kama la daktari, na kila pikipiki zikishapita nasawazisha changarawe kwa meno ya reki. Mama alinitizama na lile koti akasema, "Nimekuvusha maji yote yale uje ukafagie vumbi la Wazungu?"

"Mama, la kwetu si nilikuwa nalifagia bure?"

Akanirushia kandambili. Haikunipata, mama hana shabaha.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kiingereza, mfupi, mashavu mekundu. Wakati wa vita alikuwa askari Nairobi na Mombasa, akaondoka na Kiswahili cha kambini, na alipojua natoka wapi akafurahi kama kapata mjukuu. Jina langu hakulitaka tena, mimi nikawa "Zanzibar" basi. Mwanzo wa msimu alituita watu wa reki, akatwambia yule bwana wa getini mgongo umemshinda, anastaafu. Geti ndipo pikipiki zinapoanzia. Pana nafasi nne, na kila nafasi ina mashimo yake baada ya kila mbio, kwa sababu gurudumu la nyuma linachimba kama kuku. Mtu wa geti ndiye mfalme wa watu wa reki. Wengine wanazunguka uwanja mzima, yeye anasimama mbele ya watu wote.

"Zanzibar, wewe jaribu geti," mzee akanambia. "Refa andika matata yako mara mbili, wewe kwenda okota karatasi."

Maana yake nilielewa vizuri. Refa ana fomu yake, kila mechi anaandika kasoro za uwanja. Kasoro mbili za geti kwa msimu mzima, nimekwisha. Nikimaliza bila ya kufika mbili, geti langu. Na mimi nililitaka, wallahi. Kiwandani hakuna anayenijua hata kwa sura. Pale maelfu na maelfu ya watu wananitizama nikipiga reki.

Basi mechi ya kwanza nikaamua kuwaonesha. Kwetu mtu akifagia uwanja wa nyumba, kwanza ananyunyiza maji kwa mkono vumbi litulie, halafu anafagia kwa mistari, mstari ubavuni mwa mstari, mgeni akija aone haya kukanyaga. Nikachukua ndoo. Nikanyunyiza. Nikapiga reki mistari imenyooka kama mkeka mpya. Geti lilikuwa zuri asubuhi ya Idi haioni ndani. Nikasimama pembeni, kifua mbele.

Utepe ukaruka. Wa geti namba tatu gurudumu likazunguka palepale, juu tope, chini pagumu kama sakafu, pikipiki ikaenda upande ikamkumba wa namba nne, wakalala wote wawili mbele ya mistari yangu. Hawakuumia. Waliinuka wakanitizama, na mimi nikatizama mbinguni.

Refa akaandika. Moja.

Dereva wa trekta letu alikuwa kijana wa Kalasinga, mzaliwa wa Nairobi, fundi wa gereji, kaja London mwaka uleule tuliokuja sisi, na kilemba chake na ulimi wake mrefu. Alicheka mpaka akazima trekta.

"Wewe mtu ya karafuu! Hapa ni mashindano, unafagia kama bibi harusi anakuja!"

"Bora mimi nafagia. Wewe trekta lenyewe unaliendesha kama umekodiwa mazishini."

Mzee yeye hakucheka. Mechi ilipokwisha alipiga magoti kwenye changarawe, mzee mzima yule, akachimba kwa vidole. "Hapana fagia juu. Chini. Fungua chini." Akanionesha: unaitifua ile iliyoshindiliwa, unaivuta ile iliyorushwa nyuma irudi, unachanganya, halafu unaikanyaga kwa kisigino mpaka inajibu. Ndiyo neno lake, inajibu. Ikijibu laini sana, gurudumu linazama. Ikijibu ngumu, linateleza. Na yote haya sekunde chache, wapanda pikipiki wamekuja juu yako wananguruma.

Msimu mzima niliisoma ile ardhi kwa soli ya kiatu. Mimi shule yangu ya msingi tu, na hata huko nilikuwa nakaa nyuma nikiwachekesha wenzangu, lakini changarawe nilifuzu. Ilifika mahali naweza kufumba macho, nikanyage, nikwambie hapa kapita mtu mzito au mwepesi. Wapanda wetu wakaanza kuniitikia kwa kichwa. Mmoja alinipa sigara, sivuti, nikaiweka sikioni wiki mbili watu waione. Mechi baada ya mechi, refa haandiki kitu.

Ikabaki mechi ya mwisho, Jumamosi alasiri, na timu kutoka kaskazini. Mbio kumi na tatu. Zilipokwisha kumi na mbili tumefungana, thelathini na sita kwa thelathini na sita. Watazamaji wameandika kwa penseli kwenye programu zao mpaka karatasi zimetoboka. Mbio ya kumi na tatu, geti moja na tatu zetu, mbili na nne zao. Na geti mbili ni kepteni wao, jitu la miraba minne, mtu ambaye siku ile hajashindwa na yeyote.

Nikaingia na reki yangu. Kalasinga alikuwa kasimamisha trekta ukingoni, akaniinamia.

"Sikia, ndugu yangu. Namba mbili, acha shimo kidogo. Kidogo tu! Nani ataona?"

"Refa."

"Refa iko juu kule kwa kibanda. Ataona nini? Ni vumbi!"

Nyuma yangu watazamaji nao hivyohivyo, kibibi kimoja na skafu ya timu kinanipigia kelele nikipe kile kijitu shimo la kaburi. Na nisijitie usharifu hapa, mimi nilitaka. Naipenda timu ile. Mkono ulifika kwenye shimo la namba mbili ukawa mzito. Ningelipitia juu juu tu, likafunikwa, hakuna ambaye angejua ila mimi na changarawe.

Lakini nilikuwa nimeshaizoea kazi, ndiyo taabu. Shimo bovu chini ya mkono wangu lilinikera kuliko kushindwa. Nikalitifua mpaka chini, nikavuta, nikachanganya, nikakanyaga. Nikakanyaga tena, maana sikujiamini. Namba mbili ikawa sawa na namba moja na tatu na nne, sawasawa.

Kepteni wao akaja. Hakupanda pikipiki. Akaja kwa miguu, kile kiatu cha chuma kinalia, akalipiga teke geti langu. Akalipiga tena kwa kisigino. Akanitizama, na mimi nikamtizama. Halafu akageuka, akaenda zake kupanda pikipiki.

Utepe ukaruka. Akatoka kama risasi, yule mwizi! Wa kwanza yeye mizunguko yote minne. Wetu wakashika wa pili na wa tatu. Tatu kwa tatu. Thelathini na tisa kwa thelathini na tisa, droo.

Watazamaji wakazomea, sijui wanamzomea nani, nikaona labda ni mimi. Kalasinga akapiga usukani. "Shimo moja tu, bwana! Moja! Sasa tungekuwa tunacheza ngoma!"

"Washa trekta lako wewe."

Mzee akashuka kutoka kibanda cha refa na fomu mkononi. Akaja mpaka mbele yangu, akaifunua, akaweka kidole chake kinene pale pa geti. Hapakuandikwa kitu. Nyeupe. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Yeye piga teke," akanambia, "halafu kwenda panda. Mimi ona. Miaka mingi hapa, yule hapana kwenda panda bila kugomba mtu wa geti." Akanipiga begani nusura nianguke. "Geti yako, Zanzibar."

Watu wakaanza kutoka, wapanda wakafunga vitu vyao, Kalasinga akaenda kutafuta chai. Hapakuwa na mbio tena mpaka miezi ya joto ijayo. Mimi nikachukua reki, nikaanza kufukia mashimo ya ile mbio ya mwisho.

"Wewe fanya nini?" mzee akauliza. "Kwisha! Kwenda nyumba!"

"Nakuja, mzee," nikamwambia. "Hili geti langu. Siwezi kuliacha na mashimo."