Posho ya Mazingira Magumu, Kituo cha Bujumbura

Walisema mtoto wa mchoma mkaa hawezi kumaliza kidato cha nne, nikamaliza. Walisema uhasibu si kazi ya watu wa kwetu. Nikachukua stashahada, wa kwanza katika ukoo. Nilipopangiwa ubalozi wetu wa Bujumbura wakati wa vita, wakasema nitarudi kabla ya mshahara wa kwanza. Nilirudi nikiwa mhasibu mkuu.

Siku ya kwanza, Mkuu wa Utawala alinikabidhi posho ya mazingira magumu. Hiyo ni nyongeza anayolipwa mtumishi wa serikali aliyepelekwa kituo cha nje chenye hatari. Kila kituo kina daraja lake, na Mkaguzi kutoka makao makuu ndiye hulipandisha au kulishusha. Mshahara wangu ulilisha familia; posho ndiyo iliyolipa mikopo ya ada. Bila posho, shamba la baba lililowekwa rehani lingekwenda.

Mkaguzi akaja wakati mji umetulia.

“Usimwoneshe ziwa,” Mkuu wa Utawala akaninong'oneza. “Akiliona tu, tumekwisha.”

Alikwisha kuliona. Alikuwa amekula mukeke, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma ufukweni, na tai ameilegeza.

“Mji mzuri huu, bwana mhasibu. Ugumu uko wapi?”

Wengine wangebishana. Mimi nikamwalika chakula cha mchana nyumbani kwangu mtaa wa Kinanira, chini ya milima walikojificha waasi. Mama Odette, jirani yangu muuza vitenge kutoka Uvira, alitupikia ugali na ndagala, yaani dagaa. Mkaguzi akachagua kiti cha dirishani. Ndipo akaona magodoro yametandikwa kolido, mchana kweupe.

“Kwani nyumba haina vyumba?” akacheka.

“Apana, baba,” akajibu Mama Odette. “Vyumba iko. Lakini mu vyumba iko madirisha.”

Kabla hajanyamaza, kishindo kikasikika mlimani. Mama Odette akabeba sufuria, akaingia kolido bila haraka.

“Mukuye huku, baba! Ya kwanza wanapimaka tu!”

Nikamvuta mgeni kwa mkono. Kombora la pili likaanguka nyuma ya ukuta wa jirani, na vioo vya dirisha vikamwagika juu ya kile kiti. Tulilala kifudifudi, Mkaguzi na tai yake juu ya godoro langu, tukisubiri la tatu. Halikuja.

“Yamekwisha?” akauliza.

“Sijue, baba. Kula, ugali inapoa.”

Daraja la kituo chetu halikuguswa mpaka nilipohamishwa.

Sasa nimestaafu, na nasikia vijana wakiiita posho ile fedha za bure. Mimi niliifanyia kazi. Niliporejea nchini nilimlipa kila aliyenikopesha, mmoja baada ya mwingine, mchana, majirani wakiona. Wa mwisho alikuwa Mzee Bakari, aliyeshikilia hati ya shamba. Akanirudishia, akanisogezea kiti.

“Keti hapa dirishani, mhasibu, upate upepo.”

Nikamshukuru. Nikaitia hati mfukoni, nikaenda kukaa ukutani.